Nyumba iko hatua ya kupitisha paipu, jikoni itakaa oveni ya umeme: waya gani, breka gani, swichi ikae wapi?

#1 MjengoKibaha
Wakuu, heshima yenu. Nyumba ya vyumba vitatu, bati limeshapanda, plasta bado. Wiki ijayo fundi anatindua kuta kupitisha paipu za umeme. Tutaingiziwa fezi moja. Bodi itakaa koridoni, na kutoka hapo mpaka jikoni kwa kufuata ukuta ni kama mita 14. Hatujaamua kama tutanunua oveni ya kuingiza kabatini peke yake au jiko zima la kusimama, pleti nne juu na oveni chini. Fundi anasema oveni ni kitu kidogo, ataichukulia umeme kwenye waya wa soketi za jikoni, 2.5 (unene wa milimita za mraba) inatosha. Je, ni sahihi? Na kama si sahihi, niweke nini sasa ambacho sitakuja kubomolea ukuta baadaye?

#2 SakitiFupi
Si sahihi, mkuu. Mwambie asubiri.

Oveni huvutiwa waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, ukiwa na breka yake na swichi yake. Hesabu ni nyepesi: wati gawanya kwa volti, unapata ampea. Oveni ya kabatini ya wati 3,200 ukigawanya kwa 230 ni ampea 13.9. Birika la wati 2,200 ni 9.6. Maikrowevu inayovuta wati 1,200 ni 5.2. Hapo umefika 28.7 na friji hujaihesabu, na vyote hivyo ni vya kuwaka pamoja saa moja usiku. Breka ya soketi ni ya 20. Itaanguka keki ikiwa katikati, na kinachofuata kila mtu anakijua: anakuja mtu anatoa ya 20 anapachika ya 32 "ili isisumbue". Sasa waya wa 2.5 ukiwa ndani ya paipu ukutani unabeba ampea 24 tu, tena hewa ikiwa nyuzi 30. Utapikwa humo ndani taratibu, na breka haitasema kitu, maana kwake 28 ni chini ya 32.

Breka ipo kulinda waya. Oveni haiihusu.

Kwa hiyo:
- Oveni peke yake hadi wati 3,600 (ampea 15.7): waya wa 4, breka ya 20.
- Jiko zima la pleti nne na oveni: waya wa 6, breka ya 32.

Kwa kuwa hujaamua, vuta 6 sasa hivi. Waya wa 6 ukiwekewa breka ya 20 hauna shida yoyote, na siku ukinunua jiko kubwa unabadilisha breka tu, pamoja na waya mfupi wa nyuma ya jiko. Ukivuta 2.5 leo, siku hiyo utatindua marumaru.

#3 Bisibisi
Naunga mkono hoja, ila nina swali. Jiko zima mara nyingi limeandikwa wati 7,400 hivi. Hiyo ni ampea 32.2. Breka ya 32 si itakuwa inaanguka kila sikukuu?

#4 BodiNjia8
Haitaanguka, mkuu, kwa sababu mbili.

Ya kwanza: 7,400 ni jumla ya kila kitu kikiwashwa hadi mwisho kwa sekunde ileile. Pleti mbili za 1,000, mbili za 1,500, na oveni 2,400. Kila kimoja kikishapata moto kinazima na kuwaka chenyewe. Kanuni za wiring za Uingereza, ambazo mafundi wetu wengi wamezisomea, zina njia ya kukadiria jiko la nyumbani: chukua ampea 10 za kwanza nzima, kisha asilimia 30 ya zinazobaki, na kama swichi ya jiko ina soketi pembeni ongeza 5. Hapa ni 10, jumlisha 0.3 × 22.2 ambayo ni 6.7, unapata 16.7. Ukiongeza soketi ni 21.7.

Ya pili: breka haikatiki papo hapo ikizidishwa kidogo. Ya 32 ikipitishiwa 32.2 haitajali.

Ila wasije watu wakachukua hiyo 21.7 wakaweka breka ya 20 na waya wa 2.5. Pilau, mchuzi, maharage na mkate vikiwaka pamoja, dakika za mwanzo kabla thamostati hazijaanza kukata, unavuta 32 kwelikweli. Makadirio hayo yanakusaidia kujumlisha mzigo wa nyumba nzima. Waya wa jiko lenyewe upe nafasi.

Na mzigo wa nyumba nzima ndio watu wanausahau. Oveni 14, hita ya kuogea ya papo hapo ya wati 5,500 ni 24, birika 10, pasi 5, kiyoyozi kidogo 5. Jumla 58. Mein swichi ya fezi moja ni 60 au 63. Mtu mmoja akioga wakati mwingine anaoka, umefika ukingoni. Ukijumlisha nyumba yako ukaona inapita hapo, ombi la fezi tatu TANESCO lipelekwe sasa, kabla hujalipia fezi moja.

#5 Kolokoloni
Hizo ampea za waya msizichukue kama msahafu. Fundi akipitisha paipu juu ya dari, chini ya bati, mchana wa Januari mahali pale panafika nyuzi 50 bila kujitahidi. Waya wa 6 kwenye paipu ni ampea 41 hewa ikiwa 30. Kwenye nyuzi 40 unazidisha kwa 0.87, inabaki 35.7. Kwenye 50 unazidisha kwa 0.71, inabaki 29. Yaani waya uleule uliokuwa unatosha breka ya 32 sasa hautoshi.

Halafu ukimwacha fundi aunganishe safari, waya wa oveni na wa hita ya kuogea paipu moja, unazidisha tena kwa 0.8. Hata kwenye nyuzi 40 za kawaida unabaki na 28.5.

Mwambie fundi mambo matatu: paipu ya oveni ipite ukutani au sakafuni, isipande darini, iwe peke yake, na iwe ya milimita 25. Nyaya tatu za 6 kwenye paipu ya 20 zikikutana na kona mbili zinakwama, fundi anavuta kwa nguvu, ganda linachunika ndani usikokuona. Kona zipindwe kwa springi, zisiwe elbo kali.

Umbali wako hauna neno. Mita 14 kwa waya wa 6 ukivuta ampea 32 unapoteza volti 3.3 hivi. Kinachoruhusiwa ni 11.5.

#6 UngaNaHamira
Kwa wanaooka, mlisikie hili la volti. Nguvu ya elementi haipungui sawasawa na volti, inapungua kwa kipeo cha pili. Umeme ukishuka kutoka 230 hadi 190, oveni ya wati 3,200 inabaki na wati 2,180 hivi. Ndiyo maana jioni oveni inachukua muda mrefu kupata moto na mkate unatoka umekauka kabla haujapanda vizuri. Watu wanalaumu thamostati. Pima volti kwenye soketi ya jikoni saa moja usiku, oveni ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Ikishuka volti 10 au zaidi kwa kuwasha oveni tu, waya au kiungo fulani kati ya nguzo na soketi hiyo kina shida. Ikiwa iko chini hata oveni ikiwa imezimwa, tatizo liko nje na waya mnene hautalitibu.

Na vile vidude vya kulinda friji vya ampea 13, oveni msiichomeke humo.

#7 Bisibisi
Na yale majiko ya gesi tatu, pleti moja ya umeme, oveni ya umeme? Yanauzwa mengi kuliko hayo mengine yote.

#8 SakitiFupi
Hayo ndiyo yanayochoma soketi nyingi kuliko yote, kwa sababu mtu anayaita jiko la gesi. Pleti 1,500, oveni 2,000, jumla 3,500, ampea 15.2. Plagi yetu ya pini tatu bapa mwisho wake ni 13, sawa na wati 2,990. Fyuzi ya 13 haikatiki haraka kwa 15, kwa hiyo hakuna kinacholia. Plagi inapata joto, pini ya laivu inabadilika rangi, plastiki inalainika, na springi ya soketi inalegea. Ikilegea mgusano unakuwa mbaya, joto linazidi. Ukiona pini imekuwa na rangi ya kahawia au soketi ina harufu ya samaki aliyeoza, acha kutumia, usibadilishe plagi peke yake.

Jiko la namna hiyo linafungwa moja kwa moja kwenye waya wake, breka ya 20, bila plagi.

Oveni zinazokuja na ile plagi ya Ulaya ya pini mbili za mviringo nazo zina mtego. Erthi yake iko pembeni ya plagi, si kwenye pini. Adapta nyingi za bei rahisi hazigusi kabisa zile bati za pembeni. Oveni inawaka vizuri, na haina erthi.

#9 RodiNaUdongo
Nimesubiri mfike hapo kwenye erthi. Mmeongea unene wa waya posti nane, na waya mwembamba kwa kawaida unakuunguzia soketi. Erthi mbovu inaua mtu.

Oveni ni sanduku la chuma, unalishika kwa mkono wenye maji, umesimama kwenye marumaru. Elementi ikipasuka, laivu inagusa ganda la chuma la oveni. Watu wanaamini breka itaanguka. Pigeni hesabu. Nyumba zetu nyingi zinategemea rodi iliyochimbiwa nje. Tuseme rodi yako imepimwa omu 20, ambayo kwa udongo wa kichanga ni nzuri sana. 230 gawanya kwa 20 ni ampea 11.5. Breka ya 32 inaona 11.5 kama birika tu, haina habari. Oveni inakaa na umeme kwenye mlango wake mpaka mtu aje kufungua.

Kinachokuokoa ni RCD ya miliampea 30. Yenyewe haisubiri mzigo, inalinganisha umeme unaoenda na unaorudi. Zikitofautiana kwa miliampea 30 inakata ndani ya milisekunde 300. Hata rodi ikiwa omu 100, inakata. Bila RCD, hiyo rodi ni pambo.

Kwa hiyo kwenye bodi weka breka yenye RCD ndani yake kwa ajili ya oveni peke yake, 32 kwa 30 (ampea 32, miliampea 30). Ikianguka, friji na taa zinabaki. Waya wa erthi uwe 6 kama wenzake, na kwa vyovyote usishuke chini ya 2.5. Rodi ipimwe kwa mashine. Ile ya kuwasha balbu kati ya laivu na rodi si kipimo, balbu ya wati 60 inavuta robo ampea tu, itawaka hata kwenye rodi mbovu.

#10 PwaniMchangani
Tukiwa huku Unguja, hiyo RCD kwenye oveni ndiyo inayotutesa. Nyumba ikifungwa miezi miwili, ukirudi ukiwasha oveni, inaanguka. Mafundi wanakata erthi ya oveni na kazi inaendelea. Mnasemaje?

#11 RodiNaUdongo
Fundi anayekata erthi ili RCD inyamaze asiguse tena umeme wa nyumba hiyo. Amezima king'ora akamwacha mwizi ndani.

Sababu yenyewe inaeleweka. Ndani ya bomba la elementi kuna waya wa joto uliozungukwa na unga mweupe wa oksidi ya magnesiamu. Unga huo unanyonya unyevu kupitia ncha za elementi. Pwani, oveni ikikaa bila kuwashwa, unga unalowa na umeme unavuja kidogo kwenda kwenye chuma. RCD inafanya kazi yake.

Tiba: zima breka, tenganisha waya pande zote mbili za kila elementi, kisha pima kila moja kwa mega ya volti 500 (mashine ya kupima kama umeme unavuja), kati ya ncha na ganda lake. Kwa kawaida zipo ya chini, ya juu ya grili na ya mviringo nyuma ya feni. Inayosoma chini ya megaomu 1 ndiyo mbaya. Itoe, ikaushwe kwenye oveni nyingine nyuzi 120 hivi kwa saa kadhaa, ipimwe tena. Ikipanda, irudishe. Isipopanda, au ukiona ufa au uvimbe kwenye bomba, weka mpya. Na oveni ya pwani iwashwe hata nusu saa kila wiki mbili, itajikausha yenyewe.

#12 MjengoKibaha
Shukrani sana wakuu. Swichi na sehemu ya kutokea waya vikae wapi? Fundi anataka kuweka soketi nyuma kabisa ya oveni ili isionekane.

#13 Kolokoloni
Oveni ya kabatini nyuma yake haina nafasi. Ukiweka soketi hapo, oveni haiingii hadi mwisho, itatokeza mbele ya kabati kwa sentimita tatu nne, na kama ikiingia basi plagi inakaa mahali penye joto zaidi. Sehemu ya kutokea waya iwe ndani ya kabati la jirani, kulia au kushoto, na tundu la kupitisha waya kwenye ubao wa kati.

Swichi kubwa ya jiko, ile ya ampea 45 inayokata laivu na nyutro pamoja, ikae juu ya kaunta, pembeni ya jiko si chini ya sentimita 30, na isizidi mita 2. Isikae juu ya pleti: sufuria ikiwaka mafuta, mkono wako hautakiwi kupita kwenye moto ili kuzima. Boksi lake liwe la chuma na lenye kina cha milimita 47, kwa sababu nyaya sita za 6 hazikunjiki kwenye boksi la kawaida.

Kama ni jiko la kusimama, kutoka kwenye swichi shusha paipu hadi kwenye kibao cha kutolea waya nyuma ya jiko, sentimita 40 hivi kutoka sakafuni. Waya wa mwisho uwe laini, wa mpira unaostahimili joto, urefu mita 1.5 ili jiko liweze kuvutwa mbele kusafishwa. Usigusane na mgongo wa oveni.

Na mtungi wa gesi kama upo, utoe nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inajaa chini, hukohuko kwenye kibao cha umeme.

#14 NjiaTatu
Nyongeza kwa wenye fezi tatu. Ukifungua kifuniko cha nyuma ya jiko unakuta skrubu L1, L2, L3, N na erthi, na vipande vidogo vya shaba vya kuunganisha. Kwa fezi moja, L1, L2 na L3 zote zinafungwa pamoja kwa vipande hivyo. Ukileta fezi tatu huku vipande vimebaki, umeunganisha fezi kwa fezi na ukiwasha ni mlipuko. Na ukiacha kuviweka kwenye fezi moja, oveni inawaka lakini pleti mbili zimekufa, mtu anarudisha jiko dukani bure. Mchoro uko nyuma ya kifuniko, usomwe.

Kwenye fezi tatu nyutro ikilegea, sehemu moja ya jiko inaweza kupokea karibu volti 400. Elementi zinastahimili kidogo, saa ya oveni na taa hazistahimili hata kidogo.

#15 Bisibisi
Na waya wenyewe je? Madukani siku hizi 2.5 ya mmoja si 2.5 ya mwingine.

#16 BodiNjia8
Kwangua kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukikwangua ukaona weupe, ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe. Kwa unene, pima omu za roli zima la mita 100 kabla ya kulikata: 2.5 halisi ni takriban 0.74, 4 ni 0.46, 6 ni 0.31. Ikisoma 0.45 kwenye roli lililoandikwa 6, umeuziwa 4. Mita ya kawaida inapata shida na namba ndogo hivyo, gusanisha kwanza ncha zake mbili, soma, kisha toa hiyo namba.

Baada ya hapo ni skrubu. Kiungo kilicholegea chenye omu 0.05 tu, ukipitisha ampea 32, kinatoa wati 51 za joto. Hiyo ni pasi ya kuchomelea risasi imekaa ndani ya boksi la plastiki. Menya waya milimita 12, usikate nyuzi ili uingie, kaza kwa bisibisi inayoenea skrubu, kisha vuta kwa mkono. Waya wa 6 wa nyuzi saba hujipanga baada ya siku chache, kwa hiyo umeme ukiwa umezimwa urudie kukaza mara moja baada ya mwezi.

#17 MjengoKibaha
Nimeandika hivi, mnisahihishe kabla sijampa fundi:

Paipu 25 peke yake, ukutani, bodi hadi jikoni. Nyaya tatu za 6, nyekundu, nyeusi, kijani-njano. Mita 14 mara tatu ni 42, pamoja na za kuachia kwenye bodi na boksi nitanunua 50. Breka yenye RCD 32 kwa 30. Swichi ya 45 bila soketi, boksi la chuma milimita 47, kulia kwa jiko sentimita 30. Paipu moja ishuke nyuma ya jiko, nyingine iende kabati la jirani, ile isiyotumika ifunikwe. Fundi awe na leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), apime mwendelezo wa erthi, mega, na omu za rodi kabla ya kuwasha.

#18 SakitiFupi
Karibu yote sawa, isipokuwa mawili. Mita 42 ni za bodi hadi swichi tu. Kutoka swichi kushuka nyuma ya jiko ni kama mita 1.5, na kuingia kabati la jirani mita 2, zidisha kwa tatu, ongeza 11. Nunua 60.

La pili ni nyutro. Nyutro ya oveni iingie kwenye tundu la nyutro la breka yake yenyewe, isipelekwe kwenye ubao wa nyutro wa pamoja. Ikichanganywa na ya taa au soketi, umeme unaenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, na RCD itaanguka sekunde oveni inapowashwa. Fundi atalaumu oveni, kumbe ni skrubu moja kwenye bodi.

#19 MjengoKibaha
Imeingia kwenye karatasi. Mita 60.